Moyo na Mapafu: Habari za Laennec, Mganga Aliyefundisha Kusikiliza Kifua

Wapenzi wasomaji, kabla hamjaendelea kusoma, wekeni mkono juu ya kifua, kidogo upande wa kushoto, mkanyamaze. Mwasikia kitu kinagonga ndani, wala hakichoki. Tena mwaona kifua kinainuka na kushuka polepole, bila ninyi kukiamuru. Kile kinachogonga ni moyo. Kile kinachojaa na kupungua ni mapafu. Vitu hivi viwili vinakaa pamoja katika nyumba moja ya mbavu, tena vinafanya kazi moja. Kimoja kikisimama, cha pili hakidumu.

Lakini nyumba ile imefungwa. Jicho likiuma, twalitazama. Jeraha la mguu twaliona na kuliosha. Moyo na mapafu hatuvioni. Kwa sababu hiyo waganga wa zamani walikuwa wakikisia tu, na wagonjwa wengi wakafa bila mtu kujua kilichowaua. Leo twataka kuwasimulia jinsi mlango wa nyumba ile ulivyofunguliwa, na hasa habari za mganga mmoja Mkristu wa Ufaransa, jina lake René Laennec. Yeye aliufungua kwa sikio lake. Tena yeye mwenyewe aliuawa na ugonjwa wa kifua. Habari zake zatuhusu sisi sana, kama mtakavyoona mwishoni.

Kazi ya moyo na mapafu

Kwanza tujue kazi yenyewe. Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kama ngumi yake. Ni nyama yenye nguvu, na ndani yake mna vyumba 4: viwili juu na viwili chini. Kati ya upande wa kuume na upande wa kushoto pana ukuta. Tena mna vilango 4 vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Damu ikipita, kilango hujifunga nyuma yake, isirudi ilikotoka.

Upande wa kuume hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini. Damu hiyo ni nyekundu ya giza, nayo imebeba hewa chafu. Moyo huisukuma kwenda mapafuni. Basi, mapafu yafanana na mti uliopinduliwa: shina lake ni bomba la pumzi linaloshuka kutoka kooni, nalo lagawanyika kuwa matawi, na matawi kuwa vitawi, na mwisho wa vitawi, mahali pa majani, pana vifuko vidogo sana vya hewa. Hesabu ya vifuko hivyo yafika milioni 300 na zaidi. Ukuta wake ni mwembamba kupita karatasi. Upande mmoja wa ukuta pana hewa, upande wa pili pana damu. Hapo damu huacha hewa chafu na kuchukua hewa safi, iitwayo oksijeni. Mara hugeuka nyekundu ya kung'aa, nayo hurudi moyoni upande wa kushoto. Ndipo moyo huisukuma kwa nguvu mwilini mwote, toka utosini hata kwenye vidole vya miguu.

Nani avutaye hewa kuingia mapafuni? Mapafu hayana nguvu yao wenyewe. Chini yake pana kiwambo cha nyama kinachotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikitanuka, hewa huingia. Vikirudi mahali pake, hewa hutoka. Ni kama mivukuto ya mhunzi: mhunzi akiitanua, upepo huingia, akiikaza, upepo hutoka na moto huwaka.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika moja, maana yake mara 100,000 hivi kila siku. Damu yetu yote ni kama litri 5, na yote hupita moyoni kwa muda wa dakika moja hivi. Tukifikiri kazi hiyo, inayofanyika usiku na mchana tangu tumboni mwa mama, twamshukuru Muumba, maana hakuna fundi aliyetengeneza mashine ya namna hii.

Waganga wa kale walivyodhani

Leo mtoto wa shule aweza kujifunza mambo haya kwa saa moja. Lakini watu walihitaji miaka zaidi ya 1,400 kuyapata.

Katika karne ya pili baada ya Kristu aliishi mganga mashuhuri sana, Galenos, mzaliwa wa Pergamo katika Asia Ndogo. Alikuwa na elimu nyingi, lakini hakupasua maiti za watu. Alipasua nyani na nguruwe na wanyama wengine. Yeye alifundisha kwamba damu hutengenezwa na ini, nayo huenda mwilini na kuisha huko, kama maji yanavyoishia shambani. Tena alifundisha kwamba ukuta wa katikati ya moyo una matundu madogo yasiyoonekana, damu ikapita humo. Matundu hayo hayakuwapo. Lakini kwa sababu Galenos ndiye aliyesema, waganga wa Ulaya waliyaamini kwa karne nyingi sana.

Wa kwanza tunayemjua aliyekataa jambo hilo ni Mwarabu, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Damasko, aliyekuwa mganga mjini Kairo. Yeye aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta wa moyo hauna tundu lo lote. Damu haina budi kupita mapafuni kwanza. Lakini Ulaya habari yake haikusikika wakati ule. Baadaye, mwaka 1559, kikatolewa kitabu cha Realdo Colombo, aliyefundisha elimu ya mwili katika miji ya Padova na Roma, nacho kilisema vilevile kwamba damu hupita mapafuni.

Ndipo akaja Mwingereza William Harvey, aliyesoma Padova. Yeye alipiga hesabu. Alipima kiasi cha damu kinachotoka moyoni kila ukipiga, akaona kwamba kwa nusu saa tu moyo hutoa damu kupita ile yote iliyomo mwilini. Chakula gani kingeweza kutengeneza damu nyingi namna hiyo? Hakuna. Basi, damu ni ile ile, inazunguka na kurudi. Aliyaandika hayo mwaka 1628. Wengi walimcheka, lakini hesabu haichekwi kwa muda mrefu.

Limebaki neno moja: damu yapitaje kutoka mishipa iendayo hata mishipa irudiyo? Harvey hakuweza kuona. Mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi, wa mji wa Bologna, alitazama pafu la chura kwa mikroskopi, chombo cha kukuza vitu vidogo, akaona mishipa myembamba kama utando wa buibui, nayo yaunganisha njia zile mbili. Duara likakamilika. Malpighi huyo baadaye akawa mganga wa Baba Mtakatifu Inosenti wa 12, akafa Roma mwaka 1694.

Sasa waganga walijua kazi ya moyo na mapafu ya mtu mzima wa afya. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani akikohoa, wangewezaje kujua kilichoharibika ndani yake kabla hajafa? Waliuliza maswali, wakashika mkono kuhesabu mapigo, wakatazama makohozi. Basi, yalikuwa hayo tu.

Mtoto wa Bretagne

René Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 mjini Quimper, katika nchi ya Bretagne, magharibi ya Ufaransa, nchi ya wavuvi na wakulima wenye lugha yao wenyewe. Alipokuwa na miaka 5 mama yake alikufa, na watu wadhani kwamba alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Baba yake hakuweza kulea watoto vizuri, akawapeleka kwa ndugu zake. Hivyo René alilelewa mjini Nantes kwa ndugu ya baba yake, Guillaume, aliyekuwa mganga wa hospitali. Huko aliona mambo ya kutisha ya Mapinduzi ya Ufaransa, watu wakikatwa vichwa uwanjani. Huko pia alianza kujifunza uganga, angali kijana mdogo.

Mwaka 1801 alifika Paris kumaliza masomo. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye kikohozi na pumzi fupi, tena hana fedha. Lakini alikuwa na akili, na alipenda kupiga filimbi. Mwalimu wake Corvisart, mganga wa Kaisari Napoleon, alimfundisha kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole. Desturi hiyo ilianzishwa na mganga wa Austria, Auenbrugger, aliyeiandika mwaka 1761. Baba yake Auenbrugger alikuwa na nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba mtoto alimwona akigonga mapipa ya pombe ili ajue yamejaa mpaka wapi. Pipa tupu lalia kama ngoma; lililojaa halilii. Ndivyo kifua nacho: penye hewa palia, penye maji hapalii.

Katika Paris ile baada ya Mapinduzi wanafunzi wengi walidharau dini. Laennec naye alikuwa amepoa katika imani. Lakini marafiki zake, hasa mganga mmoja kijana jina lake Bayle, walimrudisha, akajiunga na chama cha Bikira Maria cha wanafunzi Wakatoliki. Tangu siku zile mpaka kufa kwake hakuiacha tena imani, wala hakuona kwamba elimu na dini zapigana.

Mwaka 1814, vita ilipokaribia Paris, askari vijana wengi wa Bretagne waliletwa hospitalini, wagonjwa na wenye majeraha. Hawakujua Kifaransa. Hawakuweza hata kusema mahali panapowauma. Laennec aliwatunza akisema nao kwa lugha ya kwao. Sisi twaelewa faraja yake. Mgonjwa aliye mbali na kwao akisikia neno moja la lugha ya mama yake, nusu ya woga humtoka.

Karatasi iliyokunjwa

Mwaka 1816 Laennec aliwekwa kuwa mganga wa hospitali ya Necker mjini Paris. Waliolala humo walikuwa maskini: watumishi, mafundi, wafua nguo. Mwaka huo huo rafiki yake Bayle akafa, na miaka 6 kabla yake ndugu yake Laennec mwenyewe, Michaud, alikuwa amekufa kwa kifua kikuu. Basi, ugonjwa ule ulimzunguka pande zote.

Siku moja alikuja mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgonga kifua hakukusaidia, kwa sababu alikuwa mnene. Waganga wengine waliweka sikio lao juu ya kifua cha mgonjwa, lakini huyu alikuwa msichana, na Laennec aliona haya kumwekea kichwa kifuani. Afanye nini?

Akakumbuka mchezo wa watoto. Mmoja huweka sikio kwenye ncha ya mti mrefu uliolala chini. Mwingine hukwaruza ncha ya pili kwa pini, na yule wa kwanza husikia wazi kabisa, ingawa yuko mbali. Laennec akachukua daftari, akalikunja kwa nguvu kama bomba, akaweka upande mmoja juu ya kifua cha mgonjwa na upande wa pili sikioni mwake. Akashangaa! Alisikia moyo ukipiga kwa sauti wazi kuliko alivyopata kuusikia kwa sikio tupu.

Wapenzi wasomaji, tulitafakari jambo hili. Chombo kile hakikutoka kwa tajiri wala kwa mashine kubwa. Kilitoka katika mchezo wa watoto, karatasi, na heshima ya mganga mbele ya mwili wa mwanamke maskini. Kama hangalikuwa na haya, labda hangalitafuta njia nyingine.

Baadaye Laennec alichonga bomba la mti kwa mikono yake mwenyewe, lenye urefu wa sentimeta 30 hivi. Akaliita stetoskopi, maana yake kwa Kigiriki ni kitu cha kuchunguza kifua. Ndicho kile chombo ambacho mganga na masista wa dispensari huvaa shingoni hata leo, ila siku hizi kina mipira miwili ya kuingia masikioni.

Kifua chasema

Kusikia ni jambo moja, kuelewa ni jambo lingine. Kwa muda wa miaka 3 Laennec alipita kitanda kwa kitanda akisikiliza na kuandika. Mgonjwa akifa, alipasua maiti na kutazama mapafu na moyo, ili ajue kama sauti aliyoisikia yapatana na uharibifu uliomo. Hivyo alijifunza lugha ya kifua, kama mmisionari ajifunzavyo lugha ya watu asiowajua: neno kwa neno.

Alisikia kwamba mapafu yaliyowashwa na homa kali ya kifua, iitwayo nimonia, hutoa sauti ndogo kama chumvi inayopasuka juu ya chungu cha moto. Mahali pengine, maji yakiwa yamekusanyika nje ya pafu, sauti ya mgonjwa hutetemeka kama mlio wa mbuzi. Na mahali ambapo kifua kikuu kimekula pafu na kuacha shimo, mgonjwa akisema, sauti yake yaonekana kutoka kifuani moja kwa moja hata kuingia bombani, kana kwamba kifua chenyewe chasema. Tena alisikia vilango vya moyo vilivyoharibika vikitoa mvumo kama upepo.

Laennec alikuwa na huruma hata katika maneno. Neno la Kifaransa alilotumia kwa milio ile lilifanana na neno la kukoroma kwa mtu anayekata roho. Kwa hiyo mbele ya kitanda alitumia jina la Kilatini, mgonjwa asije akaogopa.

Mwaka 1819 alitoa kitabu chake katika sehemu mbili. Humo alionyesha pia kwamba vinundu vya kifua kikuu, vikiwa mapafuni au mahali pengine mwilini, ni vya ugonjwa mmoja tu. Si kwamba alipata yote. Juu ya sauti ya pili ya moyo alikosea: alidhani yatokana na vyumba vya juu kujikaza, kumbe yatokana na vilango kujifunga. Juu ya kifua kikuu hakusadiki kwamba huambukizwa kwa urahisi. Mwenye elimu ya kweli aweza kukosea, na wanafunzi wake watamsahihisha.

Kifo cha mganga

Kazi ile ilimchosha. Baada ya kitabu kutoka alirudi Bretagne kupumzika katika nyumba yake ya Kerlouarnec, karibu na bahari. Akapata nafuu, akarudi Paris, akapewa heshima kubwa na vyeo vya ualimu, na wanafunzi wa nchi nyingi walikuja kumsikiliza. Mwaka 1824 alimwoa mjane mmoja, Jacquette Argou. Husimuliwa kwamba siku moja walisafiri wakisali rozari, gari lao la farasi likapinduka. Walipokwisha kuinuka na kuliweka sawa, wakaendelea na rozari pale pale walipoiacha.

Mwaka 1826 homa na kikohozi vilizidi. Laennec alimwomba mtoto wa ndugu ya baba yake, Mériadec, mganga kama yeye, achukue stetoskopi na kusikiliza kifua chake, tena amwambie wazi anachosikia. Mériadec akasikiliza. Zilikuwa sauti zile zile ambazo Laennec mwenyewe alikuwa amezieleza kitabuni: kifua kikuu. Alikuwa ameufundisha ulimwengu kuutambua ugonjwa huo, lakini dawa haikuwapo hata moja. Akarudi kwao Bretagne, akafa Kerlouarnec tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45. Katika wosia wake alimwachia Mériadec stetoskopi yake.

Baada yake

Mbegu aliyoipanda iliendelea kuota. Mwaka 1865 mganga wa askari wa Ufaransa, Villemin, aliwatia sungura makohozi na vinundu vya wagonjwa, nao wakaugua: kumbe ugonjwa huu huambukizwa! Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu chenyewe kinachouleta. Kwa sababu hiyo tarehe 24 Machi kila mwaka ni siku ya kifua kikuu ulimwenguni kote. Mwaka 1895 Röntgen alipata miali ya kupiga picha ya ndani ya mwili, na jicho likaweza kuona yale ambayo sikio lilikuwa limesikia.

Lakini dawa bado. Mwaka 1897, tarehe 30 Septemba, katika monasteri ya Lisieux, alikufa mtawa wa miaka 24 tu kwa kifua kikuu. Ndiye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, ambaye tangu mwaka 1927 ni mlinzi wa misioni. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alitema damu kwa mara ya kwanza, na waganga hawakuweza kumponya. Tunapomwomba Mtakatifu huyo, tukumbuke kwamba alijua maana ya kukosa pumzi.

Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walifanya kazi miaka 13 kuudhoofisha ugonjwa wa ng'ombe unaofanana na huu, mpaka wakapata chanjo. Ilipewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921. Ndiyo BCG, ile sindano ambayo watoto wetu huchomwa baada ya kuzaliwa. Huwalinda watoto wadogo hasa na namna za ugonjwa zilizo mbaya kabisa. Mwaka 1943 huko Marekani kijana Albert Schatz, katika maabara ya Waksman, alipata streptomisini kutoka katika viumbe vidogo vya udongo. Mwaka 1952 ikafuata dawa ya isoniazidi, na katika miaka ya 1960 rifampisini. Kifua kikuu kikawa ugonjwa wa kupona. Kile ambacho Laennec na Tereza walikikosa, sisi tunacho.

Na sisi, je?

Kama dawa ipo, mbona watu wafa? Mwaka 2023 watu milioni 10.8 hivi waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.25 walikufa. Kongo yetu ni mojawapo ya nchi zenye mzigo mkubwa zaidi. Si kwamba dawa imeshindwa. Mara nyingi ni sisi tusiosikiliza vifua vyetu.

Mtu akikohoa mwezi mzima, jirani husema: amerogwa, ni karuho. Basi, hupelekwa kwa huyu na kwa yule, mbuzi huuzwa, fedha huisha, na mtu hukonda. Huku vijidudu vinatoka kwa kikohozi chake na kuingia kwa watoto waliolala naye chumba kimoja. Mwingine aona haya: watu watasema ana ugonjwa mbaya, hataoa, binti hataolewa. Mwingine apata dawa, na baada ya miezi 2 asikia nguvu zimerudi, aziacha. Huyo ajiletea hatari kubwa kupita wa kwanza, kwa maana vijidudu vilivyobaki huizoea dawa, na ugonjwa ukirudi ni vigumu kuutibu.

Basi, tushike mambo haya. Mwenye kikohozi cha majuma 2 au zaidi, au mwenye homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, au damu katika makohozi, aende dispensari wamchunguze. Siku hizi pana mashine inayoweza kutambua kijidudu katika makohozi kwa muda wa saa 2 hivi. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6, nazo katika mpango wa serikali hutolewa bila malipo. Zimezwe zote mpaka mwisho, hata kama mtu amekwisha kunenepa. Ugonjwa huu hupita kwa hewa, si kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Kwa hiyo tufungue madirisha, tufunike kinywa tukikohoa, lakini tusimtenge mgonjwa.

Tena pana magonjwa mengine ya nyumba ile ya mbavu. Vumbi la mawe huwaharibu mapafu wachimbaji wetu wa Katanga na Kivu, na huwafungulia mlango wa kifua kikuu. Moshi wa makala na kuni katika jiko lisilo na dirisha huwaumiza mama na watoto, na moshi wa sigara vilevile. Mtoto mwenye koo linalouma na homa asiachwe hivi hivi: koo lisilotibiwa laweza kuleta homa ya viungo, na homa hiyo huharibu vilango vya moyo. Penisilini ikitolewa mapema huzuia mabaya hayo. Na watu wazima wapimwe nguvu ya damu, kwa maana damu ikipita na nguvu kupita kiasi huuchosha moyo bila dalili yo yote.

Zamani palihitajika mtu wa kusikiliza, naye alipatikana: mganga mwenye afya dhaifu, aliyeinamisha kichwa juu ya vifua vya maskini wa Necker. Pengine kijijini au mtaani mwetu yupo mtu anayekohoa usiku, na majirani wote wamsikia kupitia ukuta, wala hakuna anayebisha hodi. Tumwendee. Tusimwambie maneno ya kumtia hofu. Tumshike mkono, tumpeleke dispensari, na miezi yake 6 ya dawa tuihesabu pamoja naye, mpaka siku atakaposimama nasi kanisani akiimba kwa pumzi yake yote.